Mchagua Jembe

Wanasema mchagua jembe si mkulima.
Waliosema hivyo hawakuketi na dada yangu Effie
jikoni, Februari, theluji imeziba nusu ya dirisha,
penseli sikioni,
akigawanya bei ya mashine kwa ng'ombe kumi na mmoja.

Tuna ekari ishirini na sita huku Cape Breton,
sita kati yake zimesimama kama ukuta.
Tuna trekta la nguvu za farasi arobaini,
watatu kati yao wamekwisha kufa.
Tulikuwa na vijana wa kurusha marobota ya pembe nne;
wamekwenda Alberta kwenye mafuta,
wanatutumia picha za magari yao.

Basi na liwe robota la mviringo.
Mashine inayokunja majani kama mtu akunjavyo mkeka,
mmoja kitini, hakuna mgongo unaoinama.

Ya kwanza ilikuwa dukani, mpya, inang'aa,
ina kioo kidogo cha kukwambia
robota limejaa zaidi upande wa kushoto.
Muuzaji alinimiminia kahawa, akanivutia kiti.
Kiti kilikuwa laini mno; nikaijua bei kabla hajaitaja.
Effie aligawanya.
Kila ng'ombe atulipe miaka kumi na minne,
na Morag wetu ana miaka kumi na mitatu na jicho moja.

Ya pili ilikuwa ya Hector Gillis, aliyeacha kufuga.
"Haijalala nje hata usiku mmoja," alisema,
na ndani ya chumba cha kubania mlikuwa na kiota cha ndege.
Kitanda usichokilalia!
Nikazungusha beringi kwa mkono:
ilisaga kama mtu anayetafuna mchanga.
Hata ingekuwa nzima, robota lake ni futi tano kwa tano,
kilo mia nne na nusu.
Nalikumbuka la akina Beaton
lililoponyoka kileleni kiangazi kile,
likashuka taratibu, kama mgeni asiyejua njia,
kisha likakimbia,
likapasua ua, likapitia kamba ya nguo,
likaingia mtoni limevaa shuka.
Tulicheka mwaka mzima.
Siku yenyewe hatukucheka:
mtoto wao Sorley alisimama hatua nne kutoka pale lilipopita.

Tukabishana hadi barafu ikaanza kudondoka.
Wavu hufunga upesi, lakini ng'ombe huumeza.
Kamba ya mkonge huoza, lakini huoza kwa heshima.
Mikanda, minyororo. Effie akaacha kunisemesha kwa siku mbili
kwa sababu ya minyororo.

Siku ya tatu nilikwenda ghalani kutafuta mayai
nikasimama mlangoni, mikono imejaa, nikautazama mlango.
Babu aliujenga kwa ajili ya majani ya kubeba kwa uma.
Nikaweka mayai chini, nikapima:
futi nne na inchi mbili.
Mlango ulikwisha kuchagua tangu mwaka thelathini na moja.
Ni sisi tuliochelewa kuuliza.

Tukaipata kwa padri mstaafu aliyefuga kondoo:
futi nne kwa nne, kamba tu,
wekundu wake umefifia ukawa waridi.
Pembezoni mwa kitabu cha maelezo
ameandika kwa penseli: *Usiiharakishe kwenye kona.*
Na ukurasa wa pili: *Grisi, hata ukiwa na hasira.*

Julai. Effie alitembea nyuma yake kama mkunga.
Mlango wa mashine ukainuka,
likatoka robota letu la kwanza, limenenepa upande mmoja,
umbo la pea.
Kwa bahati halikuweza kubingirika.

Tulilisukuma kwa mabega hadi ghalani.
Kushoto pakabaki nafasi ya kidole gumba,
kulia hapakubaki kitu.
Likakwangua ubao wa babu, likapita,
likaacha nyasi chache kwenye msumari.
Effie akazichomoa moja moja,
akampelekea Morag,
upande wa jicho linaloona.